Dakika 45 za Knight Capital: seva ya nane na bendera iliyotumika mara mbili

Kisa cha Knight Capital husimuliwa kwa sentensi moja: fundi alisahau kunakili programu mpya kwenye seva moja kati ya nane, na kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 460 asubuhi moja. Sentensi hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayofanya kisa kieleweke vibaya. Anayeisikia huondoka na dawa rahisi mkononi: achia mashine kazi ya kupandisha matoleo, usimpe binadamu kunakili mafaili, yameisha. Lakini ukiisoma amri ya Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani, SEC, iliyotoka Oktoba 16, 2013, unaona kwamba seva ile iliyosahaulika ndiyo kosa dogo kuliko yote yaliyomo. Kubernetes, programu inayoendesha na kupandisha matoleo kwenye mashine nyingi kwa pamoja, na vyombo vingine vya leo vingeliziba tundu hilo bila jasho, na vingeyaacha makubwa zaidi wazi kama yalivyokuwa.

Kwanza mfumo wenyewe. Knight Capital Americas, yenye makao Jersey City katika jimbo la New Jersey, ilikuwa dalali mkubwa wa hisa. Mwaka 2011 na 2012, takriban asilimia 10 ya biashara yote ya hisa zilizoorodheshwa Marekani ilipita mikononi mwake, ikiwa kwa niaba ya wateja au kwa fedha zake yenyewe. Sehemu ya oda zake ilitoka kwenda sokoni kupitia programu iliyoitwa SMARS. Programu hiyo ilipokea oda kubwa kutoka sehemu nyingine za mfumo, tuseme oda mama, ikazigawa katika oda ndogo ndogo, yaani watoto, kisha ikazituma kwenye masoko mbalimbali kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuifuata kwa macho. Oda mama ikishatimia, watoto wanakoma kutumwa. Hayo ya mwisho yashike, maana ndiyo yaliyoharibika.

Ndani ya SMARS kulikuwa na kipengele kilichoitwa Power Peg. Knight iliacha kukitumia mwaka 2003, lakini msimbo wake haukufutwa. Ulibaki palepale ukiwa na uwezo wa kuitika ukiitwa. Mwaka 2005 wahandisi wakahamisha kihesabio cha hisa zilizokwisha kununuliwa au kuuzwa, wakakiweka mahali pa mapema zaidi katika mtiririko wa programu. Kihesabio hicho ndicho kilichoiambia Power Peg kwamba oda mama imetimia, basi, acha. Baada ya kukihamisha, hakuna aliyeijaribu Power Peg tena. Na kwa nini ajaribu? Haikuwa ikitumika. Kwa hiyo tangu 2005 kampuni ilikuwa na programu ambayo, ikiamshwa, ingetuma oda bila kujua pa kuishia. Ililala hivyo miaka saba.

Watu huuita msimbo wa aina hii mfu, nami sikubaliani na jina hilo. Msimbo ulio kwenye seva ya kazi, wenye njia ya kuufikia, ni mzima. Kilichokosekana ni mtu wa kuupigia simu.

Simu ikapigwa mwaka 2012. Soko la Hisa la New York lilikuwa linaanzisha mpango mpya kwa ajili ya oda za wawekezaji wadogo, uliojulikana kwa kifupi RLP, na siku ya kuanza ilikuwa Agosti 1. Knight ikaandika msimbo mpya ndani ya SMARS ili wateja wake washiriki tangu siku ya kwanza. Msimbo huo ulikusudiwa kuchukua nafasi ya Power Peg, na hapo ndipo ulipofanyika uamuzi ambao kwangu mimi ndio kiini cha kisa chote: bendera ileile, yaani alama ndogo ya ndiyo au hapana inayosafiri pamoja na oda, ambayo zamani iliiamsha Power Peg, sasa ikapewa kazi ya kuiamsha RLP. Mpango ulikuwa kwamba Power Peg itafutwa katika toleo hilohilo, hivyo bendera ikisema ndiyo, kitakachoamka ni kitu kipya.

Si vigumu kuona kwa nini mhandisi hushawishika kufanya hivyo. Katika mifumo ya kasi, kubadili umbo la ujumbe ni kazi ya kugusa kila programu inayousoma, na bendera isiyotumika inakutazama tu, tayari imeshakubaliwa na kila upande. Kuitumia tena kunaonekana ni kubana matumizi kwa busara. Tatizo ni kwamba tangu wakati huo ujumbe uleule una maana mbili, na maana ipi itafuatwa inategemea seva iliyoupokea ina toleo gani.

Kuanzia Julai 27 msimbo mpya ulianza kupandishwa kidogo kidogo, seva chache kila siku. Seva moja ikarukwa. Hakukuwa na fundi wa pili aliyepewa kazi ya kukagua, wala utaratibu wowote wa maandishi uliodai ukaguzi huo. Sina mengi ya kusema kuhusu hatua hii. Mtu ananakili kwa mkono kwenye mashine nane kwa siku kadhaa. Kurukwa kwa moja ni jambo la kutarajiwa, na anayemlaumu fundi yule amekosa pa kuelekeza macho.

Agosti 1, soko lilikuwa lifunguliwe saa 3:30 asubuhi kwa saa za New York. Kuanzia yapata saa 2:01 mfumo wa ndani ulianza kutuma barua pepe kwa kundi la wafanyakazi, zikiitaja SMARS na kosa lililoelezwa kuwa Power Peg imezimwa. Hadi soko linafunguliwa zilikuwa zimetumwa barua pepe 97, zaidi ya moja kwa dakika. Hazikuwa zimetengenezwa ziwe tahadhari, na kwa kawaida watu hawakuzisoma zinapoingia. Fikiria jina la kipengele kilichozikwa mwaka 2003 likijitokeza kwenye sanduku la barua mara 97, siku ambayo toleo jipya linaanza kazi. Habari yote ilikuwa imeshafika, saa moja na nusu kabla.

Soko likafunguliwa. Seva saba zikafanya kazi kama zilivyotakiwa. Ya nane ikapokea oda zenye bendera, ikaiamsha Power Peg, na Power Peg ikaanza kutuma watoto bila kukoma. Sehemu nyingine ya mfumo ilikuwa inajua kabisa kwamba oda mama zimeshatimia, ila taarifa hiyo haikuifikia SMARS. Oda mama 212 tu zilizaa mamilioni ya oda sokoni, na zaidi ya miamala milioni 4 ikakamilika katika hisa za kampuni 154, jumla ya hisa zaidi ya milioni 397, kwa muda wa takriban dakika 45. Moto ulipozimwa, Knight ilikuwa imejikuta na hisa za kampuni 80 zenye thamani ya karibu dola bilioni 3.5 ambazo haikuzitaka, na imeuza za kampuni nyingine 74 ambazo haikuwa nazo, kwa karibu dola bilioni 3.15. Gharama ya kujinasua ndiyo hizo dola milioni 460 na ushei. Gawanya kwa dakika 45: zaidi ya dola milioni 10 kila dakika.

Katikati ya dakika hizo kuna tukio ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Mafundi, wakiwa hawajui chanzo, walifanya kile ambacho kila mhandisi amefundishwa: toleo jipya limeleta balaa, lirudishe la zamani. Wakauondoa msimbo wa RLP kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima. Toleo la zamani likarudi pamoja na Power Peg yake. Oda zenye bendera zikaendelea kuingia. Sasa seva zilizokuwa zikifanya vizuri nazo zikaanza kufanya kile kile kilichokuwa kikifanywa na ile ya nane.

Hapo ndipo hadithi ya seva iliyosahaulika inapokwisha nguvu. Kama kosa lingekuwa seva moja tu kukosa msimbo mpya, kuzifananisha zote kungekuwa tiba. Walizifananisha. Ugonjwa ukaenea.

Sasa tuichukue SMARS tuipeleke kwenye mazingira ya leo. Kila toleo limefungwa ndani ya kontena, yaani kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji, lenye alama yake ya kipekee, idadi ya nakala imeandikwa kwenye faili, na Kubernetes inahakikisha kilichoandikwa ndicho kinachokimbia. Programu kama Argo CD au Flux inalinganisha kilichoko kwenye Git, hazina ya msimbo na mipangilio, na kilichoko kwenye klasta, yaani kundi la mashine zinazofanya kazi, na ikiona tofauti inapiga kelele au inairekebisha. Seva ya nane haiwezi kusahaulika kwa siku kadhaa. Huo ni ushindi halisi, sitaki kuudogosha. Tena haukuhitaji kusubiri Kubernetes, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015: Puppet ilikuwepo tangu 2005 na Chef tangu 2009, zote zikifanya kazi ya kuhakikisha mashine nyingi zina kitu kimoja.

Lakini angalia Kubernetes inavyopandisha toleo. Kwa kawaida yake haizimi nakala zote kwa mkupuo. Inaongeza mpya na kupunguza za zamani kwa zamu, ikiruhusu hadi robo ya ziada na hadi robo pungufu kwa wakati mmoja. Ukiwa na nakala nane, kunaweza kuwa na muda ambapo mbili ni mpya na sita ni za zamani, kisha nne kwa nne, kisha mpya saba na moja ya zamani. Hali iliyoiua Knight, saba kwa moja, si ajali katika utaratibu huu. Ni kituo cha njiani ambacho upandishaji wa namna hii unaweza kukipitia. Na wanaopandisha kwa uangalifu zaidi, kwa kulipeleka toleo jipya kwa sehemu ndogo ya wateja kwanza, hukaa katika mchanganyiko huo saa nzima au siku nzima kwa makusudi, wakitazama vipimo.

Kwa hiyo bendera yenye maana mbili ingelipuka hata mikononi mwa chombo bora kabisa, mradi oda zimeanza kuibeba wakati nakala ya zamani bado inapumua. Tofauti ingekuwa muda: sekunde kadhaa au dakika chache badala ya 45. Kwa mfumo uliopoteza milioni 10 kwa dakika, hiyo bado ni hasara ya kumtoa mtu kazini. Kuna mkakati mwingine wa Kubernetes, Recreate, unaoua nakala zote za zamani kabla ya kuwasha mpya. Huo unaondoa mchanganyiko kwa gharama ya huduma kusimama kidogo. Hata hivyo hausaidii lolote siku ya kurudi nyuma. Amri ya kutengua upandishaji, kubectl rollout undo, ingefanya kwa sekunde chache na kwa ukamilifu kile ambacho mafundi wa Knight walikifanya kwa mikono yao: kuirudisha Power Peg kila mahali, huku bendera ikiendelea kupepea.

Kutengua kumejengewa heshima isiyostahili. Tunalizungumza kana kwamba ni kurudisha saa nyuma, wakati linarudisha msimbo peke yake. Ujumbe ulio njiani haurudi, jedwali la hifadhidata lililobadilishwa safu halirudi, wala mteja aliyekwisha kuanza kutuma oda za aina mpya. Toleo la zamani linarudi katika dunia ambayo halikuandikiwa, na hapo linakuwa toleo jipya kama jingine lolote, ila hili halijajaribiwa na mtu. Timu inayosema ina mpango wa kurudi nyuma inapaswa kuulizwa swali moja: je, mmewahi kulirudisha toleo la zamani mkalipa trafiki ya toleo jipya, mkaona linafanya nini? Kwa Knight jaribio hilo lingeonyesha kila kitu mchana kweupe, wiki kadhaa kabla.

Dawa ya bendera inajulikana na haihitaji chombo chochote cha kununua. Kazi iliyofanywa kwa toleo moja ilipaswa kufanywa kwa mawili au matatu. Toleo la kwanza linafuta Power Peg na halifanyi kingine chochote. Linapandishwa, linakaguliwa kwenye mashine zote, linaachwa likae mpaka hakuna anayefikiria kurudi nyuma yake. Toleo la pili linaleta RLP kwa bendera mpya, yenye jina lake na nafasi yake, ambayo toleo la zamani halijawahi kuiona na kwa hiyo haliwezi kuielewa vibaya. Kisha bendera inawashwa kwa hatua ya peke yake, tofauti na upandishaji, ili siku ya mambo kwenda mrama kitu cha kwanza kuzimwa kiwe bendera. Knight walipoondoa msimbo na kuacha oda zinaingia na bendera, walikizima kilichokuwa kizima.

Wanaotumia Protocol Buffers, lugha ya kueleza umbo la ujumbe unaopita kati ya programu, wana kanuni hii ikiwa imeandikwa ndani ya lugha yenyewe. Kila sehemu ya ujumbe ina namba, na namba ya sehemu iliyofutwa hairuhusiwi kupewa kazi nyingine. Unaiandika kwenye orodha ya namba zilizohifadhiwa, kwa neno reserved, na anayejaribu kuitumia tena anakataliwa na kikusanyaji, yaani chombo kinachogeuza maandishi hayo kuwa msimbo, kabla programu haijafika popote. Sifahamu kinga ya bei nafuu kuliko hiyo: mstari mmoja. Kwa bendera za kawaida, zile zinazokaa kwenye faili la mipangilio au kwenye huduma ya kuwasha na kuzima vipengele, kinga hiyo haiji yenyewe. Lazima timu iamue kwamba jina likishatumika limetumika, hata kama limebaki tupu miaka kumi.

Tundu la pili kubwa lilikuwa mlangoni. SEC ililisema waziwazi: hakukuwa na kidhibiti kilicholinganisha oda zilizoingia SMARS na zilizotoka. Ziliingia 212, zikatoka mamilioni. Huhitaji akili bandia kuona hilo, unahitaji vihesabio viwili na alama ya kubwa kuliko. Muhimu ni kwamba kidhibiti hicho kiishi nje ya programu inayolindwa, kwa sababu kihesabio cha zamani kilikuwa ndani ya SMARS, na mhandisi alipopanga upya msimbo mwaka 2005 alikihamisha bila kujua amekata breki za jirani. Huduma nyingi za leo zina kinga za aina hii kwa ajili ya kujilinda na wageni: kikomo cha maombi kwa sekunde, kikomo cha matumizi. Ni wachache wanaoziweka upande wa kutokea, kuilinda dunia dhidi ya programu yao wenyewe.

Knight ilikuwa na akaunti ya ndani, iliyojulikana kama akaunti 33, ambamo miamala isiyo na mwenyewe ilitua. Ilikuwa na kikomo cha dola milioni 2. Kikomo hicho hakikufungwa na chochote kinachoweza kuzuia oda kutoka. Chombo cha kufuatilia hisa zilizo mikononi mwa kampuni, PMON, kilitegemea macho ya binadamu mwanzo hadi mwisho: hakikutoa tahadhari zenyewe, na hakikuwaonyesha watazamaji kikomo cha akaunti wanayoitazama. Kikomo kilikuwa kwenye karatasi, hisa zenye thamani ya mabilioni zikapita juu yake.

Na zile barua pepe 97? Nadhani hapo ndipo timu nyingi za leo zinafanana zaidi na Knight kuliko zinavyopenda kukiri. Zina Prometheus, programu ya kukusanya vipimo na kutoa tahadhari, zina mbao zenye grafu nyekundu na kijani, na zina chaneli ya ujumbe ambayo kila mtu ameinyamazisha tangu wiki ya pili. Kuongeza tahadhari hakuwasaidii. Kinachosaidia ni kuufunga upandishaji na makosa: baada ya toleo jipya kuanza, mashine yenyewe ilinganishe aina za makosa zinazojitokeza na zile za jana, na aina ambayo haikuwepo jana isimamishe zoezi mpaka mtu mwenye jina lake aseme liendelee. Kosa lenye jina la kipengele kinachodhaniwa kimefutwa lingesimamisha upandishaji wowote uliopangwa hivyo, na soko lingefunguliwa Knight ikiwa haimo, jambo la aibu kidogo na la gharama ndogo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Soko la Hisa la New York lilifuta miamala ya kampuni 6 tu kati ya 154, iliyobaki ikahesabika. Agosti 6 kundi la wawekezaji likaingiza dola milioni 400 kuinusuru kampuni, na kwa kufanya hivyo likachukua sehemu kubwa ya umiliki. Julai 2013 Knight ikaungana na Getco, jina likawa KCG. Faini ya SEC ilikuwa dola milioni 12, kesi ya kwanza kabisa chini ya kanuni ya mwaka 2010 inayowataka madalali kudhibiti njia zao za kuingilia sokoni.

Ndani ya amri hiyohiyo kuna aya kuhusu Oktoba 2011. Mwishoni mwa wiki Knight ilifanya zoezi la kujiandaa kwa majanga ikitumia data za majaribio, na Jumatatu asubuhi soko lilipofunguliwa, data zile za majaribio zikaendelea kutumika kutoa bei za kweli. Hasara ilikuwa karibu dola milioni 7.5. Kampuni ilichunguza na kurekebisha: mfumo husika ukawekewa saa za kufanya kazi, ukafundishwa kuacha kutoa bei ukipata muamala wa bei isiyo ya kawaida, na orodha ya ukaguzi wa zoezi la majanga ikaongezwa kipengele. SEC ilitaja kilichokosekana katika uchunguzi huo: Knight haikutazama kwa upana kama ina kinga za kutosha kuzuia oda za makosa, bila kujali ni mfumo gani umezituma na kwa sababu gani. SMARS haikuwa mfumo uliokosea mwaka 2011, kwa hiyo haikuguswa, na ilibaki hivyo miezi kumi.